Nani ameshika rimoti?

Mitihani imeisha, boom nalo limeisha, kwa hiyo leo tupige historia.

Hapa hosteli tuna kompyuta tumeiunganisha na TV, na kila jioni ni ugomvi wa rimoti. Msidhani umeanza jana. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa Flash-Matic, kazi ya Eugene Polley. Unamulika kona ya TV kama kwa tochi, chaneli inabadilika. Shida ni kwamba hata jua likipiga, TV inajibadilisha yenyewe! Mwaka 1956 Robert Adler akaleta rimoti ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii, tena haikuwa na betri. Baadaye ikaja infraredi, hii tuliyoizoea.

Sisi Bara rimoti ya nini wakati TV yenyewe hamna? Zanzibar walianza mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tukangoja hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha. Yaani miaka 20 na ushee rimoti ilikuwa mkononi mwa serikali, na kitufe kilikuwa kimoja tu: zima.

Kwetu Bungu, juu huko milimani Korogwe, TV za kwanza nilizoziona ziliwaka kwa betri ya gari, na rimoti alikuwa mtoto. Baba amekaa, mdogo anainuka kubonyeza. Mwingine yuko nje anazungusha mlingoti wa antena, ndani wanampigia kelele, "Hapo hapo! Aah, umepitiliza!" Wazee wanasema rimoti imeleta uvivu. Mimi naona ilimwachia yule mtoto naye akae aangalie.

Desemba 31, 2012 Dar es Salaam ikazima analojia, mikoa mingine ikafuata. King'amuzi kikaja na rimoti yake, zikawa mbili mezani, na vifurushi vikafanya kuchagua kuwe na bei.

Kompyuta ikabadilisha tena. Mwaka 2002 Microsoft walitoa Windows XP Media Center, ya kuongozwa kwa rimoti ukiwa umekaa kwenye kochi. Kuna na XBMC, programu ya bure ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi. Unachomeka kipokezi cha infraredi kwenye USB, basi. Siku hizi hata simu inatosha, inapita kwenye Wi-Fi.

Hapo ndo pana kazi. Infraredi haivuki ukuta: anayebadilisha lazima awe humo humo, mnamwona, mnaweza kumzomea. Wi-Fi inavuka. Juzi filamu yetu ilisimamishwa na mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili! Enzi ya kitufe kimoja nayo aliyeamua hakuwa sebuleni na watu.

Kwa hiyo nimepeleka hoja kwa wenzangu wa chumba: abonyeze aliyekaa na wanaoangalia, simu za mbali zitolewe. Kura ni leo usiku. Nyie kwenu mnafanyaje?