Vijana 19 wa Maryland na safari ya udaktari

Wazazi wanatuuliza: mtoto akimaliza chuo, nini kinafuata? Wamarekani weusi walijiuliza hivyo hivyo.

Mwaka 1963, mjini Birmingham, Alabama, watoto weusi waliandamana kudai haki. Freeman Hrabowski, mwenye miaka 12, alikamatwa akalala gerezani siku 5. Kijana huyo alipenda hesabu. Alipokuwa na miaka 24 alipata udaktari.

Baadaye akawa kiongozi katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County. Huko aliona wanafunzi weusi wenye akili wakianguka katika kemia na hesabu, kila mmoja akihangaika peke yake chumbani. Mwaka 1988 tajiri Robert Meyerhoff na mkewe Jane wakatoa pesa. Mwaka 1989 wakaanza vijana 19, wote wanaume weusi. Wasichana waliingia 1990, na tangu 1996 mlango uko wazi kwa rangi zote.

Kulipiwa masomo kulisaidia, lakini kwa maoni yangu si pesa iliyobadilisha mambo. Kabla ya mwaka wa kwanza walikaa pamoja wiki 6 wakijiandaa. Waliishi jengo moja, wakasoma kwa vikundi, na anayeelewa alimfundisha mwenzake. Aliyepata pointi za katikati tu alishauriwa kurudia somo, hata kama alifaulu. Kwetu mtu akipata nusu anamshukuru Mungu na kupita! Wao waliona kwamba kemia ya kwanza ikiwa dhaifu, ya pili itakuangusha. Na kusoma kwa kikundi hakuhitaji tajiri. Wanafunzi wetu waliokimbia vita wanaweza kuanza hata chini ya turubai.

Kisha walipelekwa mapema kwenye maabara, wafanye utafiti na walimu. Maana anayeomba nafasi ya udaktari anahitaji barua ya mwalimu anayemfahamu kweli, si anayesoma jina lake tu kwenye orodha.

Katika mpango huo alipita Kizzmekia Corbett, msichana wa North Carolina. Alimaliza chuo 2008, akapata udaktari 2014. Mwaka 2020, Covid-19 ilipoenea, alikuwa kati ya wanasayansi walioongoza kazi iliyozaa chanjo ya Moderna.