Kula bila mhudumu: mashine ya kuagiza chakula na mlaji mwenye fedha taslimu

MGENI aingiaye kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa migahawa mingi, hasa katika miji mikubwa ya Marekani, Ulaya au Asia ya Mashariki, aweza kuketi mezani nusu saa nzima bila mtu yeyote kumsogelea. Asidhani kwamba amedharauliwa. Katika nyingi ya kumbi hizo hakuna mhudumu wa kuchukua oda. Kazi hiyo imekabidhiwa mashine iliyosimama karibu na mlango, yenye kioo kirefu cha kuguswa kwa kidole.

Ukumbi wa aina hii ni jengo moja, au ghorofa moja ya jengo, ambamo majiko ya wafanyabiashara mbalimbali yamezunguka meza zinazotumiwa na wateja wote. Baba huweza kula wali na samaki, mama tambi za Kichina na watoto chipsi, kila mmoja kutoka jiko alipendalo, na wote wakaketi pamoja. Mpangilio huo si mgeni kwa wakazi wa Nairobi, ila katika kumbi za maduka makubwa ya jiji hilo imezoeleka wahudumu wa migahawa mbalimbali kumfuata mteja mezani, kila mmoja na orodha yake ya vyakula, hata mteja akakosa pa kutazama.

Kwa Kiingereza mashine hiyo huitwa kwa jina lile lile tulitumialo sisi kwa kibanda cha kuuzia sabuni na sigara, yaani kioski. Asili ya neno hilo ni Uajemi na Uturuki, ambako lilikuwa na maana ya kibanda cha kupumzikia bustanini. Kioski cha mtaani kina mwenyewe, anayekufahamu kwa jina na pengine kukukopesha hadi mwisho wa mwezi. Hiki cha ukumbini hakina mtu.

Fikra ya kula bila mhudumu ina zaidi ya karne moja. Mwaka 1902 kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mjini Philadelphia mgahawa ambao ukuta wake ulikuwa na visanduku vyenye milango midogo ya kioo. Mteja alitumbukiza sarafu ya senti tano, akazungusha kitasa, akafungua mlango na kutwaa kipande chake cha keki. New York ilipata mgahawa kama huo mwaka 1912, na wa mwisho ulifungwa mwaka 1991. Tajiri na maskini walitumia sarafu moja, na kila mlaji aliona kwa macho yake chakula alichokinunua kabla ya kukilipia. Mambo hayo mawili, sarafu na kuona, ndiyo yanayokosekana katika mashine nyingi za leo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mteja huchagua lugha, kisha mgahawa, kisha chakula na viambata vyake. Katika kumbi zenye mashine ya pamoja huweza kuongeza chakula cha mgahawa wa pili au wa tatu na kulipa mara moja tu. Kwingine kila jiko lina mashine yake na malipo yake. Baada ya kulipa hupewa risiti yenye namba, na namba hiyo ndiyo atakayoitazamia katika ubao wa taa. Programu huigawa oda na kupeleka kila sehemu katika jiko linalohusika. Kwa kuwa kila jiko lina kasi yake, sahani za meza moja hazifiki pamoja. Wanaotaka kula kwa wakati mmoja ni vyema wakaanza kuagiza kile kinachochelewa kuiva.

Ni vyema pia msomaji akafahamu kuwa mashine hiyo ni muuzaji hodari. Haichoki kuuliza kama unataka kinywaji, kama unataka sahani kubwa zaidi, kama utaongeza jibini. Mwaka 2018 Steve Easterbrook, aliyekuwa mkuu wa McDonald's wakati huo, alieleza kuwa wateja wanaokaa zaidi mbele ya kioo huchagua vitu vingi zaidi. Huko Marekani kioo huomba hata bakshishi kabla chakula hakijapikwa, na kitufe cha kukataa aghalabu huwa ndicho kidogo kuliko vyote. Kukibonyeza si kosa.

Lililo gumu ni kuuliza. Picha haisemi kama supu imechemshiwa mifupa ya nguruwe au kama mchuzi una karanga. Sheria za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, zinataka mlaji aarifiwe kuhusu aina 14 za viambata vinavyoweza kuwadhuru baadhi ya watu, lakini nguruwe hamo katika orodha hiyo. Mwenye mwiko wa dini au wa tabibu hana budi kwenda dirishani na kumwuliza mpishi mwenyewe.

Singapore, ambako wachuuzi wa barabarani walihamishiwa katika majengo maalumu kati ya mwaka 1971 na 1986, jambo hilo limefikiriwa hadi kwenye sinia. Katika vituo vyake vingi vya chakula, ambavyo sasa ni zaidi ya 110, kuna rafu mbili za kurudishia vyombo: moja ya halali na nyingine ya visivyo halali. Tangu Septemba 2021 anayeacha vyombo mezani huonywa kwanza kwa maandishi, na akirudia hutozwa dola 300 za nchi hiyo.

Ila swali zito kuliko yote ni la fedha taslimu. Mashine nyingi hupokea kadi ya benki tu, au simu iliyounganishwa na kadi. Uchunguzi wa taasisi ya FDIC ulionyesha kuwa mwaka 2023 asilimia 4.2 ya kaya za Marekani, sawa na kaya milioni 5.6, hazikuwa na akaunti ya benki. Watu hao wanafanya kazi, wana noti mfukoni na wana njaa, lakini kioo hakiwatambui. Wala mtu asiseme kuwa ndivyo mashine zilivyo: huko Japani migahawa ya tambi imetumia kwa miaka mingi mashine za tiketi zinazomeza sarafu na noti na kurudisha chenji.

Philadelphia, mji ule ule wa visanduku vya senti tano, ulikuwa wa kwanza miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani kupiga marufuku maduka kukataa fedha taslimu. Sheria yake ilianza Julai 2019, na ya New York ilifuata Novemba 2020. Hiyo ya New York inamruhusu mwenye duka kutopokea noti iwapo tu ameweka hapo mashine inayobadili fedha za mteja kuwa kadi ya malipo, bila kumtoza ada yoyote.