Mkanda wa taimingi: lini ubadilishwe, na vipuri gani viandamane nao

Mkanda wa taimingi ni ukanda wa mpira wenye meno, unaohakikisha kwamba valvu za injini zinafunguka na kufungwa kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Baadhi ya Toyota za dizeli huwasha taa ya T-BELT. Hata hivyo, mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na saa ya kilomita ya gari lililotumika Japani kabla ya kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam si ushahidi wa kutosha. Asiye na kumbukumbu za matengenezo na aubadilishe mapema.

Katika Subaru Forester zenye injini ya EJ20, mkanda huo pia huzungusha pampu ya maji. Pampu ikikwama au rola ikivunjika, hata mkanda mpya hukatika au kuruka meno. Pistoni zaweza kugonga valvu na kuzipinda, na silinda hedi ikalazimika kufunguliwa. Kwa hiyo rola, kikaza mkanda, pampu na sili za oili zinazovuja zibadilishwe siku iyo hiyo, kwani sehemu kubwa ya ujira wa fundi ni kufungua na kufunga. Toyota Vitz yenye injini ya 1NZ hutumia cheni, haina mkanda huu.