Mzigo wa Juu, Mzigo wa Nyuma

John Steinbeck alipoizunguka Marekani mwaka 1960, aliipachika pikapu yake ya GMC kijumba chenye kitanda na jiko, akaiita Rocinante. Gari hilo limehifadhiwa Salinas, California, kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake. Wanaofuata nyayo zake leo wana kijumba cha namna hiyo, kempa, pamoja na baiskeli mbili, viti vya kukunja, jenereta na madumu ya maji, na ndani hamna nafasi. Wengi wao huvifunga nyuma. Sisi tuliozoea mabasi ya zamani tungesema juu, kwenye keria.

Ni rahisi kudai kuwa tofauti hii ni ya pesa. Mimi naona ni ya mikono: nani atapanda kuufunga mzigo, na nani ataushusha.

Basi la Iringa la miaka ya 1980 lilikuwa na utingo. Alikwea ngazi, akapokea baiskeli ya Phoenix kutoka chini, akailaza juu ya magunia ya lumbesa na kuugeuza usukani ulale sambamba na fremu. Kisha ulikuja mpira wa tyubu, uliokatwa vipande virefu. Aliuvuta mpaka ukawa mwembamba, akauzungusha, na ncha akaisokomeza chini ya mzunguko wa mwisho bila kupiga fundo. Basi likirukaruka kwenye makorongo, mpira ulilegea na kujikaza wenyewe. Utingo alijua pia nani anashuka Mikumi na nani anafika mwisho wa safari, na alipanga mizigo kwa kufuata hilo.

Kempa haina utingo. Aghalabu ina mume na mke waliostaafu, na paa lake liko mita tatu na ushei kutoka ardhini, limejaa madirisha ya hewa. Kuongeza baiskeli huko ni kutafuta balaa: daraja moja la reli mjini Durham, North Carolina, lenye kimo cha mita 3.56, lilichuna mapaa ya malori mengi kiasi kwamba mwaka 2019 liliinuliwa hadi mita 3.76.

Basi nyuma. Lakini nyuma nako kuna hesabu zake. Kempa kubwa hujitokeza hata mita moja kupita bodi ya pikapu, kwa hiyo chuma cha kuvutia tela hurefushwa ndipo keria ya baiskeli ipachikwe. Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita nne, weka kilo 100 mita tatu nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haiongezewi kilo 100, inaongezewa 175, na ya mbele inapungukiwa 75. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu. Halafu mlango wa kempa uko hukohuko nyuma, kwa hiyo lazima keria iwe ya kufunguka pembeni, la sivyo mtu atazishusha baiskeli kila anapotaka kuingia kulala. Bomba la moshi likielekea vibaya, huyeyusha tairi ya baiskeli. Wengine huzitundika kwenye ngazi ya kempa, jambo ambalo nisingemshauri mtu: skrubu hulegea ukutani, maji hupenya, mbao za ndani huoza.

Kwenye mizani sisi ndio wakali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na malori hupimwa njiani. Mwenye kempa huachiwa kibandiko cha uzito kwenye fremu ya mlango wa dereva, na akitaka uhakika hujipeleka mwenyewe kwenye mizani ya malori. Ila sheria yetu inalinda barabara. Mizani haiulizi kama tani moja iko sakafuni au kwenye keria, wakati kona za mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, hazifanyi mchezo na mzigo wa juu.

Sasa baiskeli za umeme, zenye kilo 25 au zaidi, zimewashinda hata wale wa nyuma. Watengenezaji wanauza keria zenye reli ya mteremko, baiskeli ipande kwa kusukumwa, na kabla ya kuipakia mwenyewe huchomoa betri na kuiweka ndani ya gari kupunguza kilo chache.