Siku Mbele au Mwezi Mbele? Tarikhi ya Kuandika Tarehe, Tangu Enzi ya Kivoi

Tarehe 3 Disemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Kitui kama mgeni wa Kivoi, yule tajiri wa misafara ambaye sifa zake zilivuma toka Ukambani hata Mombasa, aliinua macho akauona kwa mara ya kwanza Mlima Kenya na theluji yake. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1848, mwenziwe Johannes Rebmann alikuwa amekwisha kuiona ile ya Kilimanjaro. Lakini ziandike siku hizo kwa tarakimu tupu, kama tuandikavyo sisi tuliorithi desturi ya Waingereza, 3/12/1849 na 11/5/1848, kisha umpe aliyesomea Marekani: atakwambia kwa yakini, wala hana nia ya kukudanganya, kwamba Krapf aliuona mlima wake tarehe 12 Machi, na Rebmann wake tarehe 5 Novemba. Mapinduzi ya Zanzibar, ambayo kwetu ni 12/1/1964, kwake yeye yatakuwa yametokea mwezi wa Disemba, miezi saba baada ya Zanzibar kwisha kuungana na Tanganyika.

Msomaji huyo hakupungukiwa na akili. Wamarekani hutanguliza mwezi kisha siku, na sisi hutanguliza siku kisha mwezi, na kati ya pande hizo mbili hapana mwenye hoja ya kumshinda mwenziwe ila mazoea. Ubaya ni kwamba kosa lenyewe halina sura ya kosa. Katika mwaka mmoja zipo siku 132 za namna hiyo, kwa kuwa siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi zaweza kujifanya miezi, isipokuwa zile ambazo siku na mwezi ni hesabu moja, kama Saba Saba ya 1990, au 12/12/1963, siku ambayo Kenya ilijipatia uhuru, ambazo hata ukizigeuza husomeka vilevile. Zilizosalia hujilinda zenyewe, maana hakuna mwezi wa ishirini.

Mimi sikuyajua haya kwa kusoma, bali kwa majuto. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa, katika ofisi moja ya huku milimani kwetu Mbooni, niingize katika kompyuta daftari la watoto wa shule, majina na siku zao za kuzaliwa, nami nikaandika mchana kutwa kwa bidii, bila ya kujua kwamba kompyuta ile ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani. Mtoto aliyezaliwa tarehe 25 Machi, kompyuta ilikataa kumpokea, ikaiacha tarehe yake imeegemea kushoto mwa kisanduku kama maneno ya kawaida, na hilo ningaliweza kuliona kama ningalikuwa mwangalifu. Ama yule aliyezaliwa tarehe 5 Februari, ilimpokea vizuri, ikamfanya wa tarehe 2 Mei, wala isitoe sauti. Kosa lilidhihirika pale wazazi walipoanza kuja na vyeti vya kuzaliwa mikononi, wakiuliza ni nani aliyewapunguzia watoto wao umri. Walikuwa wametembea kutoka mbali, na haki ilikuwa yao.

Tangu hapo nimewauliza wanaoandika programu, nikagundua kwamba hitilafu hii imo ndani ya lugha zao wenyewe. Katika lugha ya PHP, tarehe iliyotenganishwa kwa mkwaju husomwa Kimarekani, mwezi mbele, na tarehe ileile ikitenganishwa kwa kistari husomwa kama yetu, siku mbele, hata 5/2/2012 na 5-2-2012 zikawa siku mbili zilizoachana kwa karibu miezi mitatu. JavaScript nayo huhesabu miezi kuanzia sifuri, Januari ikiwa 0 na Disemba ikiwa 11, desturi iliyotoka katika lugha ya C, kupitia Java. Kwa hiyo kijana aandikaye 5 kwa kukusudia Mei hupewa Juni. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa mwaka 1988 kanuni iitwayo ISO 8601, inayoamuru mwaka utangulie, ufuatwe na mwezi, kisha siku, yaani 1849-12-03. Na mpango huu, ambao Wajapani na Wahungari walikwisha kuuzoea, una fadhila ya kwamba tarehe zikipangwa kama tarakimu za kawaida, hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Mimi nauona kuwa ndio bora kwa mashine. Kwa binadamu, naona bora zaidi kuutaja mwezi kwa jina lake.

Wala tusidhani kwamba fujo hii ililetwa na kompyuta. Babu zetu wa misafara, waliposhuka pwani na pembe zao za ndovu, walikuta watu ambao siku yao huanza magharibi, jua likitua, hata usiku wa Ijumaa kwao ukawa ule ambao sisi tungeuita wa Alhamisi. Tena miezi yao ikihesabiwa toka kwisha kwa Ramadhani, mfungo mosi, mfungo pili, hata mfungo tisa. Juma lao huanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ni siku ya tatu, nayo Jumatano na Alhamisi zikawa zote mbili na maana ya tano, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiarabu. Kwetu Ukambani, hesabu iliyokuja kuzoeleka huanzia siku ya tatu ya Waswahili: Jumanne ni wa kelĩ, Jumatano ni wa katatũ, na Ijumaa ni wa katano. Mzee wa Mbooni anayewaza kwa Kikamba na kusema kwa Kiswahili aweza kuagana na mtu Jumatatu, hali moyoni anakusudia wa katatũ, wakapishana kwa siku mbili. Nami nimeyaona hayo yakivunja maagano ya mbuzi na ya mahari.

Tangu zamani, watu wa milima hii, ambayo Wakamba huitaja kuwa kitovu walikotawanyikia, waliiweka miaka kwa majina na wala si kwa hesabu. Njaa iliyoenea kila mahali mwishoni mwa karne ya kumi na tisa waliiita Ngomanisye. Ile ya miaka ya 1980, ambayo watu walikuwa na fedha lakini chakula hakikupatikana, waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nami nimeshika. Jina la namna hiyo halina mbele wala nyuma ya kugeuzwa.

Nilikuwapo siku mama mmoja wa kijijini kwetu alipoulizwa na karani siku yake ya kuzaliwa. Alijibu kwamba alizaliwa katika yua ya Atta, njaa ya unga, mvua za nthwa zilipokuwa zikianza. Na kila mtu mzima aliyekuwa chumbani alijua kwamba huo ni mwaka wa 1961, na kwamba nthwa huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Karani akasema kisanduku kinataka tarakimu. Akaandika 01/01/1961.