Punje Zinazokunywa Maji: Safari ya Jeli Hadi Mashamba ya Kabazi

Kabazi, katika eneo bunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru, ni nchi ya wakulima. Zamani za ukoloni mashamba ya huku yalikuwa ya walowezi. Jina la Kabazi lilijulikana pia kwa vyakula vya makopo kupitia kampuni ya Kabazi Canners. Msindikaji wa matunda hawezi kukwepa jeli. Jeli ni mtandao wa minyororo mirefu iliyofungana kwa vifundo, nao umeshika maji yasitiririke.

Mpishi wa uji aliijua jeli kabla ya mwanasayansi. Unga wa mahindi ukikorogwa katika maji baridi, hutuama chini ya sufuria. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 75 za Selsiasi hivi, vifundo ndani ya punje za wanga hulegea, maji yanaingia, punje zinafura na kubanana. Ndiyo maana uji hukaa majimaji kwa muda, kisha ukakaza ghafla na mwiko ukawa mzito.

Maabara zilichelewa. Mwaka 1825 Mfaransa Henri Braconnot alieleza pektini, kitu kinachogandisha jamu. Mwaka 1861 Mskoti Thomas Graham akaziweka jeli katika kundi aliloliita koloidi. Lakini umbo la ndani halikueleweka hadi Mjerumani Hermann Staudinger alipodai, mwaka 1920, kwamba vitu hivi ni molekuli ndefu mno, minyororo ya maelfu ya vipande. Wenzake wengi walimpinga. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1953. Minyororo hiyo ndiyo tunayoiita polima.

Swali likabaki: kwa nini jeli huvimba, na kwa nini huacha? Mwaka 1943 Paul Flory na John Rehner wa Marekani walilijibu kwa hesabu. Maji hutaka kuingia na kuchanganyika na minyororo. Mtandao, ukivutwa, hutaka kurudi. Nguvu hizo mbili zikitoshana, uvimbe husimama. Vifundo vikiwa vingi, jeli hubaki ndogo na ngumu. Vikiwa vichache, hunywa sana lakini hulegea.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walitangaza jeli laini inayofaa mwilini. Mwishoni mwa 1961 Wichterle alitengeneza lenzi za macho nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kwa vifaa vya kuchezea vya watoto. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, mjini Peoria, nao walichukua wanga wa mahindi, wakaupandikiza polima ya kiwandani, na kupata unga unaonywa maji mara mamia ya uzito wake. Jamii hiyo ya polima ndiyo iliyoingia katika nepi za kutupa miaka ya 1980.

Ugunduzi mwingine ulihusu mabadiliko ya ghafla na udogo wa punje. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba jeli inaweza kusinyaa kwa ghafla mazingira yakibadilika kidogo tu. Mwaka uliofuata, yeye na David Fillmore walieleza kasi ya uvimbe: punje ikipunguzwa upana mara kumi, huvimba upesi mara mia. Mwaka 1986 Robert Pelton na Philip Chibante wakatengeneza chembe za jeli zisizofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Utafiti wa baadaye ulibaini kuwa kiini cha kila chembe kimefungwa kwa vifundo vingi, na pembezoni minyororo inaning'inia huru. Katika maji baridi hufura; joto likipita nyuzi 32 hivi, husinyaa na kutema maji.

Afrika Mashariki nayo imo katika biashara ya jeli. Tangu 1989 wakulima wa mwani wa Paje, Unguja, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima malighafi ya jeli inayotiwa kwenye maziwa na dawa ya meno. Huku Bonde la Ufa, hoja ni kuhifadhi maji. Mabwawa yana faida na hatari zake. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, jirani na Kabazi, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Wauzaji wa punje za jeli, za jamii ile ya nepi, wanaahidi njia nyingine: kuhifadhi maji kidogo kidogo penye mizizi.

Ahadi hiyo si uongo, ila ina sharti. Punje hizi huvimba kwa sababu minyororo yake ina chaji, na chaji hiyo huzuia ndani ya punje ioni zenye chaji iliyo kinyume. Maji huingia kuzizimua. Maji ya nje yakiwa na chumvi, mvuto hupungua. Chokaa huzidi kwa ubaya, maana kalsiamu hufunga mnyororo kwa mnyororo. Bonde la Ufa lina visima vingi vyenye magadi, na mbolea nayo ni chumvi. Punje iliyonywa mara mamia katika maji ya mvua yaweza kunywa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho shambani.

Kwa hiyo, mkulima, usinunue kwa kutazama picha ya pakiti. Chukua glasi mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya kisima chako, tia punje chache, idadi sawa, katika kila moja, uache usiku kucha. Kisha ulinganishe ndipo ufungue mfuko wa pesa.