Mahindi Si ya Wahindi

Zao lililozaliwa Mexico sisi tumelipa jina la India. Tunasema mahindi. Na wale waliolitoa zao hilo kwenye nyasi ya porini, wakalilea kwa maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajajua kuwa wapo, vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu. Hawakuwa Wahindi, wala hawakuwa wekundu.

Jina la watu lilitokana na Christopher Columbus. Alitafuta njia ya kwenda Asia kwa kuelekea magharibi, na mpaka anakufa mwaka 1506 alishikilia kwamba Asia ndiko alikofika. Alijiandaa kweli: alimchukua mkalimani, Luis de Torres, aliyejua Kiebrania na Kiarabu, kwa kuwa alitarajia kukutana na watu wa Khan mkuu. Novemba 1492 Torres alitumwa na mwenzake kuingia bara, ndani ya Cuba. Nimejaribu mara nyingi kuiwaza salamu yake kwa Wataino. Waliporudi walisimulia kijiji kikubwa na watu wanaovuta moshi wa majani yaliyosokotwa. Hakukuwa na Khan. Kulikuwa na nafaka ambayo wenyeji waliiita mahiz.

Jina letu nalo naliona ni kosa la aina hiyohiyo, ila halina madhara. Watu wa pwani walizoea bidhaa ngeni kuja na pepo za kaskazi kutoka upande wa India, basi na hii nayo ikawekwa kapu hilo. Waitaliano hawakutuzidi akili, wao wanaiita nafaka ya Kituruki.

Historia ya Amerika tulifundishwa kama habari za upande mwingine wa dunia: ukimaliza mada hiyo unafunga daftari na kuanza ya Afrika Mashariki. Ninaposomea sasa shahada ya uzamili ya historia, kinachonishangaza ni safari moja inayofuta mpaka huo. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon na meli 13 kwenda India. Aliizunguka bahari kwa mbali upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili akaiona Brazil. Akakaa siku kumi hivi. Wareno walisimamisha msalaba wa mbao, wakaipa nchi jina la Vera Cruz, wakawaacha wafungwa wawili wajifunze lugha ya wenyeji, wakatuma meli moja irudi kumwambia mfalme kwamba amepata nchi mpya. Kisha wakaendelea na safari. Dhoruba ikazamisha meli nne. Mwishoni mwa Julai, meli sita zilizobaki zikatia nanga Kilwa.

Miezi mitatu tu imepita. Ni mabaharia walewale, nahodha yuleyule, pengine hata shati zilezile. Lakini Kilwa hawakusimamisha msalaba. Waliona mji wa mawe na msikiti mkubwa, mji ambao Ibn Battuta alikuwa ameusifu tangu mwaka 1331, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Cabral akaomba mazungumzo na Amiri Ibrahim. Mazungumzo hayakuzaa mkataba, naye akapandisha matanga kwenda Malindi. Kule Brazil hakumwomba mtu.

Sisemi kwamba Kilwa iliheshimiwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na mizinga, akaupora mji na kujenga ngome. Lakini kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wameiacha ngome hiyo. Brazil hawakuiacha. Mexico, Wahispania hawakuiacha.

Kwa nini? Wengi hukimbilia kutaja bunduki na farasi. Vilisaidia, ila jibu kubwa zaidi lilikuwa halionekani kwa macho. Watu wa Amerika walikuwa wamekaa mbali na magonjwa ya dunia nyingine kwa muda mrefu mno. Mwaka 1520 ndui iliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ikamuua mtawala Cuitláhuac baada ya siku kama 80 tu za utawala wake. Mwaka uliofuata mji ukaanguka. Pwani yetu ilishirikiana na Arabuni, Uajemi na India kwa karne nyingi, katika biashara na katika maradhi pia. Na huku bara, malaria ndiyo iliyomlaza mgeni. Tulinusurika kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na ushujaa, jambo ambalo halipendezi kuliandika kwenye insha ya historia ya nchi yako.

Kutoka pwani hadi Kilimanjaro bendera ya Ulaya ilichukua karibu miaka 400. Mimea ya Amerika haikusubiri bendera. Wajerumani walipofika mlimani, mahindi na maharage yalikuwa yamekwisha kuzoeleka, yakipita mkono hadi mkono, soko hadi soko, kwa njia za misafara. Aliyesoma bweni Tanzania anayajua makande kuliko anavyopenda kuyajua. Basi ajue pia kwamba sahani ile ni Amerika tupu: mahindi ya Amerika, maharage ya Amerika, na mpishi akiwa na huruma akaongeza nyanya na pilipili hoho, vyote Amerika. Kitunguu tu ndicho mgeni.

Bendera ilipokuja, ilikuja na mbinu zilizokwisha kujaribiwa. Mwaka 1513 Wahispania walitunga tangazo la kuwasomea wenyeji wa Amerika, kwa Kihispania, likiwaamuru wamkubali Papa na mfalme, ama wapigwe vita na kufanywa watumwa. Wakati mwingine lilisomwa kwenye kijiji kilichokwisha kukimbiwa. Hapa kwetu karatasi ilihitaji alama ya mtawala. Mwaka 1885 Lloyd Mathews alipanda Uchagga kwa niaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, na watawala wakakubali bendera ya Sultani. Muda mfupi baadaye akaja Mjerumani Karl Jühlke na mkataba wake, naye Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, akaukubali huo pia. Kuna wanaomcheka Rindi. Mimi naona alifanya bendera kama alivyozoea kufanya biashara: mgeni mmoja asiwe peke yake mlangoni. Hakujua kwamba mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zingechora mpaka kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukaupinda mlima, na hakuna mangi aliyeulizwa.

Cortés asingeiteka Tenochtitlan bila maelfu ya askari wa Tlaxcala, maadui wa zamani wa Waazteki. Huku mlimani, Mangi Marealle wa Marangu alishikana na Wajerumani dhidi ya Moshi na Kibosho. Mwika tuko jirani kabisa, Mamba tu ndiyo inayotutenga na Marangu, na jina la Marealle bado linaweza kuharibu mazungumzo mazuri penye mbege. Msaliti au mjanja? Watlaxcala nao wameulizwa swali hilo kwa karne tano. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Old Moshi Mangi Meli, mtoto wa Rindi, na wenzake, akiwamo Mangi Molelia wa Kibosho.

Majina yalifuata mkondo uleule. Kisiwa cha Guanahani, Columbus alikigeuza San Salvador siku aliyoshuka, mbele ya mwandishi wa hati. Oktoba 1889 Hans Meyer alifika juu ya Kibo na kukiita kilele hicho kwa jina la Kaiser Wilhelm. Hilo la kwetu liliondoka, pakawa Uhuru. Ardhi ilikuwa ngumu zaidi kurudi. Vihamba vya juu vilibaki kwa wenyewe, lakini eneo la chini, kati ya migomba na nyika, lilikatwa mashamba makubwa ya walowezi, na Wajerumani walipoondoka mengi yakaingia mikononi mwa walowezi wengine. Watu waliongezeka juu, chini kukawa na mwenyewe. Kihamba cha babu yangu kiligawanywa kwa watoto wanne wa kiume, na sasa kuna mgomba mmoja ambao baba zangu wawili wanaudai.

Msimamizi wangu wa utafiti aliniuliza nitaandikaje kuhusu mbegu zilizoingia bila kuacha hati. Mkataba una tarehe na sahihi, maharage hayana. Nikaenda kwa Bibi, Mwika. Bibi bado ana kipande tambarare, porini kama tunavyopaita, ambako anachanganya mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Wakulima wa Mexico wanachanganya hayohayo matatu tangu kabla ya Columbus. Mbegu za maharage huzihifadhi kwenye debe, amezichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe.

"Bibi, hizi ulizipata wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu. Alinipa nilipoolewa."

"Na yeye?"

"Alikuja nazo kutoka kwao."

"Kwao ni wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea Rombo, akaendelea kupembua.